Gazeti la Mistari Sita

Ikupa alimng'ata Jairo mkono mbele ya soko zima la Tukuyu, na mpaka kesho hajutii. Aulizwe kanisani, aulizwe polisi, jibu lake ni lile lile: nilimng'ata, na angerudi ningemng'ata tena.

Sababu ilikuwa gazeti. Usicheke. Mwaka ule wa tisini na tatu kila kitu kilikuwa kinaingia nchini kwa marobota: makoti, viatu, sidiria za watu waliokufa huko kwao, na katikati ya hayo yote magazeti ya Kizungu ambayo hakuna mtu aliyeyaagiza. Stumai, mama wa maandazi pale sokoni, alikuwa anayachukua rundo zima na kuchana kurasa za kufungia. Ukinunua andazi unapewa na nusu ya uso wa Mzungu anacheka. Na ndani ya marundo hayo, mara moja moja, lilikuwa linatokea gazeti la magitaa.

Mume wa Ikupa, Asajile, alikuwa mpiga gitaa. Miaka kumi na miwili alipiga solo katika bendi ya ushirika, bendi ikafa ushirika ulipoishiwa pumzi, akarudi Kisondela kuchuma chai na kulima ndizi kando ya shamba la baba yake. Gitaa kavu alibaki nalo. Sasa mfanyabiashara mmoja aitwaye Rodrick alikuwa amejenga baa mpya kule Msasani ya hapa hapa Tukuyu na kuleta magitaa mawili ya umeme kutoka ng'ambo ya mpaka. Alitaka mpiga solo mmoja tu, na waliobaki mjini wenye sifa hiyo walikuwa wawili: Asajile, na Jairo aliyewahi kupiga naye bendi moja. Rodrick aliwasikiliza wote wawili, akamgeukia Asajile.

"Mzee, unapiga vizuri, ila unapiga kizamani. Unatumia vidole vitatu. Kile cha mwisho umekipeleka likizo?"

Jairo alicheka mpaka akashika mbavu. Rodrick akasema atawasikiliza tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, na atakayemridhisha ndiye atapanda jukwaani. Asajile alirudi nyumbani kwa mguu, akaketi kibarazani.

"Mama Lusungu," alimwambia mkewe, "nina miaka arobaini na moja. Nikiikosa hii, nitachuma chai ya watu mpaka mnizike."

Basi hapo ndipo habari ya magazeti ilipoanza. La kwanza Asajile alilinunua mwenyewe kwa Stumai. Lilikuwa zuri, linang'aa, zito mkononi. Ndani yake vijana wenye nywele ndefu wameshika magitaa mekundu, ukurasa baada ya ukurasa, na chini ya kila picha jina la duka. Kulifungua mpaka mwisho, hakuna hata mahali pamoja panapokuonyesha uweke kidole wapi. La pili nalo liling'aa, lakini hilo lilikuwa na masomo kweli: dubu aliyechorwa amevaa kofia, anafundisha namna ya kukalia kiti na kushika gitaa. Asajile alilirusha mpaka kwenye migomba.

"Mimi na mvi hizi nifundishwe na dubu!"

Ikupa alilifuata akaliokota, akaliweka pamoja na lile la kwanza juu ya benchi la kibarazani. Safari iliyofuata aliyetumwa ni yeye, maana ndiye aliyekuwa akipeleka ndizi mjini, na siku hiyo Asajile alikuwa na majani ya chai ya kupimisha. Maagizo yalikuwa mafupi. "Usidanganywe na picha. Tafuta lenye mistari sita yenye namba, kila mstari ni uzi mmoja wa gitaa, na namba ni mahali pa kubonyeza. Halafu angalia mikono. Ikiwa ni mikono ya mtoto, acha. Tafuta mikono ya mtu aliyefanya kazi."

Ikupa alikaa juu ya debe la Stumai tangu asubuhi, akipekua. Alikuta magazeti ya mapishi, ya magari, ya mbwa. Ya magitaa yalikuwa manne. Matatu yaling'aa, akayaweka kando. La nne lilikuwa baya. Karatasi yake nyembamba, ya kijivu, haina rangi hata tone, picha zenyewe zimefifia. Lakini katikati alikuta mistari sita yenye namba, kurasa nane mfululizo, na juu ya kila ukurasa picha ya mkono wa kushoto wa mzee mmoja, mishipa imetoka, kucha zimekatwa vibaya, na kidole cha mwisho kimenyooshwa mbali kikibonyeza uzi peke yake. Alilifunga haraka, akamsogezea Stumai chane nzima ya ndizi mbivu.

"Shemeji!" Jairo huyo, amesimama nyuma yake, shati limenyooshwa, mikononi tayari ana mawili kati ya yale yanayong'aa. "Na wewe umeanza kusoma Kizungu?"

"La kufungia ndizi."

"Ndizi zina ngozi yake, shemeji. Hebu nione."

Jairo hakuwa mjinga. Alivuta ukurasa mmoja kwa kidole, akaiona ile mistari, na uso ukambadilika. Alilikamata gazeti. Ikupa hakuachia. Walivutana, jalada likachanika lote, Jairo akaona linamponyoka, basi akamsukuma mke wa mwenzake kifuani kwa kiganja, kwa nguvu, Ikupa akaanguka chali juu ya mkungu wake mwenyewe. Kisogo kiligonga jiwe la jiko. Jairo aliinama kulichukua gazeti, na mkono wake ukapita mbele ya uso wa Ikupa.

Alimng'ata hapo chini ya kidole gumba, akashika, hakulegeza mpaka alipoonja damu. Jairo alipiga kelele mpaka wauza samaki wakavu wakasimama kuangalia. Alimpiga Ikupa ngumi ya sikio. Hapo Stumai akachomoka na mwiko wa kuepulia maandazi, mafuta bado yanachuruzika, akamlaza nao Jairo mgongoni mara mbili, paa, paa, shati lile likashikana na ngozi.

"Toka hapa! Mwanamume mzima unapigana na mke wa mtu kwa ajili ya karatasi! Toka, nisije nikakumwagia karai zima!"

Jairo akaondoka na jalada. Ikupa akarudi Kisondela na gazeti tumboni chini ya kitenge, sikio linavuma, damu ya mtu mwingine kwenye meno. Njia nzima alikuwa anacheka peke yake.

Mwalimu Sia, anayefundisha shule ya pale kijijini, ndiye aliyewasomea maelezo ya mwanzo. Alisema somo hilo si la wanaoanza. Ni la watu wazima, waliopiga miaka mingi mpaka vidole vimeota tabia, na kazi yake ni kukirudisha kidole cha mwisho kazini. Asajile alimshukuru kwa mikono miwili. "Hilo ndilo gazeti," alisema. "Mengine yale ni ya kubandika ukutani."

Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye chai, walikaa kibarazani wote wawili. Asajile hakuweza kuangalia namba na vidole kwa wakati mmoja, kwa hiyo Ikupa alimsomea. "Uzi wa kwanza, saba. Uzi wa kwanza, nane. Kumi, kidole cha mwisho. Uzi wa pili, saba." Asajile anabonyeza, anakosea, anatukana. "Soma tena." Ikupa anasoma tena. Kidole kilivimba, kikatoka lengelenge, lengelenge likapasuka. Siku moja Asajile alikasirika akakipigiza kwenye fremu ya mlango, mara tatu, anakigombeza kwa Kinyakyusa kama mtu anayemfukuza mbuzi bustanini. Halafu akakaa tena. "Soma tena."

Alikuwa na hasira za karibu, huyo bwana. Katika miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa amempiga Ikupa mara mbili, na zote mbili Ikupa anazikumbuka kwa siku na saa. Lakini asubuhi zile alimpenda. Alipenda kusikia namba zake zinageuka muziki. Ukurasa wa nane, wa mwisho, ndio uliokuwa mgumu kuliko yote, namba zimesongamana, na wiki nzima ya mwisho walikuwa wanapigana na huo tu, maana ndio Asajile aliotaka kumalizia nao mbele ya Rodrick. Jumatano mvua ilipiga kibarazani kwa upepo, Ikupa akalikunja gazeti akaliweka kwapani lisilowe, na akaendelea kusoma. Alisoma ukurasa wote, kuanzia juu mpaka chini, macho yake yako kwenye mvua. Asajile hakugundua. Alikuwa ameinamia vidole vyake. Ikupa alicheka moyoni, akasema Jumamosi ikipita nitamwambia, atashangaa huyu.

Sasa lazima nikueleze habari ya mkwe, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Kwa wazee wa Rungwe wanaoshika mambo ya zamani, mke wa mtoto wako hakutazami usoni, wala wewe humtazami. Hakai unapokaa, hakutaji jina, hasemi na wewe. Mkikutana njiani anaingia porini mpaka upite. Wengi siku hizo walikuwa wameshaacha, wanasema tumeokoka. Mzee Anyelwisye, baba yake Asajile, alikuwa ameokoka na hakuacha. Ikupa alikuwa ameolewa pale kwa miaka kumi na minne na hakujua pua ya baba mkwe wake ikoje. Alijua kikohozi chake, ambacho mzee alikitoa kila anapokaribia ili mkwe apate kukimbia, na alijua mabuti yake ya mpira. Basi.

Tangu mama mkwe afariki, Ikupa ndiye aliyempikia. Palikuwa na jiwe bapa kwenye mpaka wa migomba yao na ya mzee. Ikupa anaweka chakula pale, anagonga mfuniko wa sufuria mara tatu, anaondoka. Mzee anasikia, anakuja, anakula, anaacha chombo. Wakaishi hivyo, bila ugomvi, kwa mfuniko wa sufuria.

Ijumaa, siku moja kabla ya Rodrick, Ikupa alikuwa kibarazani anaosha vyombo akasikia kikohozi. Alinyanyuka na sufuria na mfuniko wake mikononi, akakimbilia nyuma ya migomba, akageuza uso. Mzee Anyelwisye alikuja na nyengo mkononi, ule mundu wake mzito wa kukatia majani ya migomba, kuulizia jiwe la kuinolea. Aliita, "Asajile!" Asajile alikuwa kwenye chai. Mzee aliliona jiwe la kunolea chini ya benchi, akalichukua, na alipoinuka akaona magazeti.

Ikupa aligeuza jicho moja tu, kupitia jani lililochanika. Hakuona uso, aliona mikono. Mzee alikuwa mvutaji. Tumbaku yake aliilima mwenyewe nyuma ya nyumba, tatizo lilikuwa karatasi siku zote. Alichukua la kwanza, lile linalong'aa, akasugua ukurasa kati ya vidole viwili, akaunusa, akalitupa. "Limepakwa langi hili. Litaniua kifua." Akachukua la dubu, akasugua, akalitupa nalo. Halafu akachukua lile la kijivu. Alisugua. Alinyanyua ukurasa kwenye mwanga. Unaona mwanga ulivyopita? Karatasi nyembamba, kavu, nyepesi, haina rangi ya kumkohoza mtu. Alilitia kwapani kwa furaha ya mtu aliyepata.

Afanyeje mwanamke wa watu? Kupiga kelele hawezi. Kumfuata hawezi. Kumwita kwa jina ndiyo kabisa. Alichokuwa nacho ni sufuria, na mkono wake ukafanya kabla ya akili. Akagonga mfuniko. Mara tatu, kwa nguvu, kama anasema weka, weka, weka!

Mzee alisimama. Akaitikia kwa uchangamfu, "Ndaga!" yaani asante, na akageuka kwenda kwenye jiwe bapa kungoja chakula.

Lo! Ikupa alijikunja pale nyuma ya mgomba, hajui acheke au alie. Mzee alikaa pembeni ya jiwe, amempa mgongo. Hakuna chakula. Aligeuza shingo huku na huku. Hakuna. Gazeti likafunguka lenyewe pale lilipozoea kufunguliwa wiki nzima, akautoa ukurasa wa mwisho wa somo, akaugawa vipande vinne kwa kucha, akasokota. Moshi ukapanda. Alivuta wa kwanza, akangoja. Akavuta wa pili. Hapo akanyanyuka, akalipiga jiwe teke kwa buti, na akaongea na migomba kwa sauti ili asikike.

"Miaka yote sijawahi kumkosea. Leo ananigongea jiwe tupu kama mbwa!"

Akaondoka kwenda kwenye migomba yake, nyengo mkononi na gazeti kwapani.

Ikupa alirudi kibarazani, akakaa. Aliogopa kidogo, lakini si sana, kwa sababu alikuwa anajua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Alifumba macho akajaribu. Saba, nane, kumi. Uzi wa pili, saba, tisa, kumi. Zilikuja zote, ukurasa mzima, mpaka ile namba ya mwisho iliyo peke yake pembeni. Hakuna kilichopotea. Asajile atakuja, nitamkalisha, nitamwambia taratibu, nitamsomea. Hata alianza kumenya viazi.

Asajile aliingia saa sita, hajavua hata kikapu cha chai mgongoni, macho yake kwenye benchi.

"Gazeti liko wapi?"

"Baba amelichukua. Lakini kaa kwanza, Baba Lusungu, nisikilize..."

"Amelichukua kufanyia nini?"

"Kusokotea tumbaku. Sikiliza, kaa..."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa migombani. Alikuja akikohoa, nikatoka."

"Ukamwangalia tu anachukua! Ukakaa kimya!"

"Ningesema kwa mdomo upi? Wewe mwenyewe unajua siwezi..."

Kofi lilimkuta sikio lile lile alilopigwa na Jairo. Ikupa aliyumba akashika nguzo. Lilikuwa la tatu katika miaka kumi na minne, na hata kabla maumivu hayajafika alishalihesabu. Alinyoosha mkono mbele.

"Asajile, hizo namba mimi ninazo..."

Kofi jingine lilimfunga mdomo. Mdomo wa chini ulipasuka kwenye jino, akamaliza sentensi yake kwa damu, hakuna aliyeisikia. Asajile alishatoka. Kikapu kilianguka kibarazani, majani mawili matatu ya chai yakamwagika, na yeye anakimbia kati ya migomba akiita, "Tata! Tata!" kwa sauti ambayo mtoto hamwitii baba yake.

Ikupa alimfuata. Alikimbia mpaka kwenye jiwe bapa, na hapo miguu ikasimama. Hakuisimamisha yeye. Ng'ambo ya jiwe Ikupa hakuwahi kukanyaga wakati mzee yuko upande ule, hata mara moja, na miguu ilijua hivyo kuliko kichwa. Alisimama pale, ameegemea mgomba, akaona kila kitu.

Mzee Anyelwisye alikuwa anakata majani makavu, sigara mdomoni. Asajile hakusalimia. Alimfikia, akaipokonya ile sigara midomoni, akaizima kwa vidole, akaifungua. Tumbaku ikamwagika. Katika kile kipande kilichoungua aliona mistari sita iliyokatika na nusu ya namba.

"Hiki ni nini?" alisema. "Hiki ni nini ulichovuta?"

"Kalatasi."

"Kesho yangu hii! Umevuta kesho yangu!"

"Gwe Asajile, unanipokonya moto mdomoni kwa sababu ya kalatasi? Nami nimeshinda njaa kwa ajili ya mkeo!"

Asajile alimkamata baba yake kola ya koti. Mungu atusamehe kulisimulia, alimkamata na kumtikisa, kofia ya mzee ikaanguka, akamsukuma kwenye shina la mgomba, mgomba ukalia maji. Mzee wa miaka sabini, lakini alikuwa na mikono ya kukata na kubeba. Alimpiga mwanawe kichwa cha pua. Pua ikafumuka. Asajile akapigana sasa kama anapigana na mtu baki, ngumi ya mbavu, ngumi ya shavu, jino la mzee likatoka na mate. Ikupa alisikia mlio wa ngumi ile. Alifungua mdomo uliovimba. Angeita nini? Jina halitaji. Baba hajawahi kumwita. Pumzi moja tu alisita pale kwenye jiwe, pumzi moja, kama unavyosita mlangoni mwa nyumba ya watu.

Asajile alikuwa na mkono wa kulia kooni kwa baba yake. Macho ya mzee yalianza kutoka. Nyengo ilikuwa bado mkononi mwake, imenolewa asubuhi ile ile kwa jiwe la mwanawe. Hakulenga. Aliinyanyua tu na kuishusha, na Asajile akainua mkono wa kushoto kukinga uso.

Sauti ilikuwa ndogo. Mtu akikata ndizi moja kwenye chane inatoa sauti kubwa kuliko hiyo.

Asajile aliachia koo. Aliutazama mkono wake. Vidole vitatu na gumba, na pembeni pale pa mwisho damu inaruka kwa mapigo. Kidole kilikuwa kimelala juu ya jani kavu, kimejikunja, bado kina sugu mpya ya nyuzi kwenye ncha.

Hapo ndipo Ikupa alipovuka. Alipita jiwe kwa hatua mbili, akaenda moja kwa moja kwa baba mkwe wake, akamsimamia mbele, akamtazama machoni. Uso wenyewe ulikuwa uso wa mzee tu. Masikio kama ya Asajile. Kovu dogo kwenye nyusi. Damu mdomoni.

"Baba," alisema, "lete hiyo nyengo."

Mzee Anyelwisye alitetemeka. Alikuwa ametoka kumkata mwanawe na hakutetemeka, sasa alitetemeka. Aliiachia nyengo ikaanguka, akalivuta koti lake kwa mikono miwili, akajifunika kichwa kizima, akakaa chini kwenye majani, analia ndani ya koti kwamba mkwe amemwona, mkwe amemwona.

Ikupa hakuwa na muda wa huyo. Alivua kitambaa cha kichwani, akakikaza kwenye kifundo cha mkono wa mumewe mpaka damu ikapungua, akakivingirisha kiganja kwa upande wa kitenge. Mikono yake ilikuwa imetulia. Asajile alikuwa amepiga magoti. Hakuwa anaangalia jeraha, alikuwa anakusanya vile vipande vya karatasi vilivyoungua kwa mkono mzima, anavipanga juu ya goti, na havikulingana.

"Umeungua," alikuwa anasema. "Ukurasa umeungua wote. Hata ningekuwa na kidole, umeungua."

Ikupa alifunga fundo la mwisho kwa meno. Halafu akasema, kwa ule mdomo uliopasuka, taratibu:

"Uzi wa kwanza, saba. Nane. Kumi, kidole cha mwisho. Uzi wa pili, saba, tisa, kumi. Rudi uzi wa kwanza, saba..."

Alimsomea mpaka chini. Hakuruka hata moja. Asajile aliinua uso wake polepole, pua inachuruzika, akamtazama mkewe.

"Unazijua?"

"Zote."

"Ukurasa mzima?"

"Kurasa nane."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," Ikupa alijibu. "Mara ya kwanza ukanipiga. Mara ya pili ukanipasua mdomo."

Kutoka pale mpaka hospitali ya Tukuyu ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, na njia ni ya kupanda. Asajile alitembea mkono umeinuliwa juu ya kichwa kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Ikupa alitembea mbele. Nyuma yao kabisa, hatua mia, alikuja Mzee Anyelwisye, koti kichwani, anajikwaa kwenye mawe kwa sababu haoni, na akikaribia sana anakohoa. Watu waliokuwa wanapalilia waliinuka kuwaangalia watatu hao.

Walipofika pale juu ambapo mabati ya Msasani yanaanza kuonekana, walisikia gitaa la umeme. Kuna mtu alikuwa analijaribu kule kwenye baa mpya, anatafuta sauti, anaacha, anaanza tena. Jairo huyo, hakuna mwingine. Asajile alisimama akasikiliza. Vidole vitatu vilivyobaki vilikuwa vinatikisika ndani ya kitenge, vinatafuta nyuzi.

"Mama Lusungu," aliita nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Soma tena."

Ikupa alimsikia vizuri. Alikuwa nazo zote, zimepangana nyuma ya meno, kuanzia saba ile ya kwanza. Alifunga mdomo wake unaouma, akaendelea kupanda.